Daraja au Tuta?

Jijini London, Daraja la Tower, lililofunguliwa mwaka 1894, lina watumishi ambao kazi yao ni kuliinua ili vyombo vipite. Nilipomsimulia hayo nahodha aliyenichukua kutoka upande wa Homa Bay kwenda Mfangano, alicheka. "Letu, mwalimu, halikuwa na wa kulifungua."

Alikusudia lile lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Sote tuliliita daraja. Kumbe lilikuwa tuta: mawe na udongo vilivyomwagwa katika mkondo hadi ukazibika. Magari yalipita, maji, samaki na mashua havikupita. Nahodha aliyetoka ghubani kwenda Mfangano alilazimika kuizunguka Rusinga, petroli ikiteketea na abiria wakilowa kwa mawimbi.

Mimi ni mtu wa isimu, nami nalilaumu neno. Daraja kwetu ni ngazi, ni cheo, ni darasa, tena ni kivuko. Limebeba mengi mno. Lau tungaliliita tuta tangu mwanzo, pengine mwanafunzi mmoja angaliuliza: je, maji yatapita wapi?

Katika miaka ya 2010 tuta lilitobolewa, likajengwa daraja la kweli. Mashua sasa hupita chini yake bila kumwomba mtu ruhusa. Tulipolikaribia, nahodha alipunguza mwendo, akaniuliza iwapo wale wa London hulipwa vizuri. Nilimwambia sijui.