Solo Kutoka Shirati

Aliyekulia kwenye santuri za mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe, akipigiwa Shirati Jazz kwa mara ya kwanza, hushtushwa na besi. Haitulii nyuma kushika mapigo. Inakimbia, inadakia, inabishana na gita la solo.

Solo hiyo ni ya Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, karibu na Shirati, mkoani Mara. Miaka ya 1960 alivuka kwenda Kenya, na bendi aliyoiongoza huko ikabeba jina la kwao. Kama ilivyokuwa kwa bendi za Tanzania za Morogoro Jazz na Western Jazz, licha ya neno “Jazz” katika jina, hii ilikuwa bendi ya dansi, si ya jazi.

Benga, muziki uliompa sifa, hueleweka vizuri ukianzia kwenye nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, vidole vikicharaza nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala, njuga zikilia mguuni, na bado anaimba. Bendi nzima ndani ya mtu mmoja! Wapiga benga waliigawa kazi hiyo: magita na besi yakachukua nyuzi, drams zikachukua mguu. Mwimbaji akimaliza mstari, solo huujibu. Maneno yakiisha, magita hubaki peke yake na chemko, sehemu ya kuchezesha watu, huanza. Hapo ndipo Misiani anapostahili kusikilizwa kwa makini, kwa maana hapigi peke yake hata pale anapong'ara.

Bendi yake ilikuwa pia chuo. Ochieng Nelly alipitia humo, kisha mwaka 1972 akaanzisha Victoria Jazz pamoja na Collela Mazee. Naye mtayarishaji Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga mbali kiasi kwamba Zimbabwe muziki huo uliitwa kanindo.

Misiani aliimba zaidi Kijaluo, akisimulia kwa mafumbo, na wapenzi wake wakamwita Mfalme wa Historia. Mafumbo hayo yalimtia mikononi mwa polisi wa Kenya zaidi ya mara moja. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Miaka minne baadaye, kampuni ya muziki ya Sterns ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 katika albamu iliyotangazwa kuwa benga ya Kenya. Historia ya dansi ya Tanzania nayo inapaswa kumpa sura yake, kwani Mjaluo huyu wa Mara alilipeleka jina la Shirati hadi Ulaya.