Mkono wa Gia wa Masafa Mafupi: Maelezo ya Kifaa na Istilahi Zake

Miongoni mwa maandishi ya kiufundi yanayowafikia wafasiri wetu, maelekezo ya kufunga vipuri vya magari yana taabu yake ya pekee. Msomaji wake huyasoma spana ikiwa mkononi. Neno likipotoka, kazi nayo hupotoka. Katika makala hii tunakusudia kueleza kifaa kimoja tu, yaani kifaa kinachofungwa katika gari lenye giaboksi ya kubadilishwa kwa mkono ili safari ya mkono wa gia iwe fupi kuliko ilivyotoka kiwandani. Tutaeleza kinavyofanya kazi na kinavyorekebishwa, kisha tutapendekeza istilahi zinazofaa.

Hatuna budi kuanza na neno lenyewe "gia". Katika matumizi ya kila siku neno hili hubeba maana tatu: gurudumu lenye meno lililomo ndani ya giaboksi, daraja la mwendo, kama tusemapo gia ya kwanza au ya tatu, na mkono anaoushika dereva. Katika mazungumzo ya gereji maana hizo hazigongani, kwa kuwa fundi huonyesha kwa kidole. Katika maandishi hakuna kidole. Sentensi "legeza gia kisha uitoe" yaweza kumfanya mwanafunzi afungue giaboksi nzima ilhali alitakiwa kung'oa mkono tu. Kwa hiyo katika maandishi ya kiufundi tuseme gurudumu la meno kwa maana ya kwanza, gia kwa maana ya pili, na mkono wa gia kwa maana ya tatu.

Mkono wa gia ni wenzo. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba wenzo una egemeo, na kwamba masafa yanayopatikana upande mmoja hulipiwa kwa nguvu upande wa pili. Tuchukue mfano wa hesabu. Mkono una milimita 200 kutoka kirungu cha juu hadi egemeo, na milimita 40 kutoka egemeo hadi ncha ya chini inayosukuma fito ya kuchagulia gia. Uwiano wake ni 5 kwa 1. Ikiwa ncha ya chini yatakiwa kusogea milimita 10 ili gia iingie, kiganja cha dereva kitasogea milimita 50. Sasa tuliinue egemeo kwa milimita 10 bila kubadili urefu wa mkono. Upande wa juu unabaki na milimita 190, wa chini unapata 50, na uwiano unakuwa 3.8 kwa 1. Kiganja kitasogea milimita 38 tu. Lakini kama ncha ya chini inahitaji nguvu ya nyutoni 100, dereva aliyekuwa akitumia nyutoni 20 sasa atatumia zaidi kidogo ya 26. Masafa yamepungua kwa karibu robo, na nguvu imeongezeka kwa karibu theluthi.

Mfano huu unatuonyesha kosa la tafsiri sisisi. Masafa ya mkono yaweza kufupishwa kwa njia tatu: kupunguza urefu wa sehemu iliyo juu ya egemeo, kurefusha sehemu iliyo chini yake, au kulipandisha egemeo lenyewe. Katika njia ya pili, mkono mzima huwa mrefu kuliko ule wa awali. Basi anayekiita kifaa hiki "mkono mfupi wa gia" anakipa jina ambalo mara nyingine ni kinyume cha umbo lake, na tena anamshawishi fundi aukate mkono wa zamani kwa msumeno akidhani ndiyo maana. Anayekiita "gia fupi" anakosea zaidi, kwani hakuna gurudumu la meno lililobadilishwa. Uwiano wa gia, kasi ya gari na mvuto wa injini vinabaki vilevile. Kinachofupishwa ni masafa. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mkono wa gia wa masafa mafupi.

Sasa tutazame marekebisho. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Mazda MX-5 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989, mkono wa gia hukaa moja kwa moja juu ya giaboksi. Baadhi ya vifaa vya masafa mafupi huwa na bolti mbili za kizuizi, moja mbele na moja nyuma, ambazo huusimamisha mkono mara gia inapokwisha kuingia. Utaratibu wa kawaida ni huu:

(a) Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na bolti zote mbili zirudishwe nyuma zisiuguse mkono.

(b) Klachi ikanyagwe, gia ya tatu iingizwe hadi mwisho wake wa kweli.

(c) Bolti ya mbele iingizwe polepole mpaka iguse mkono, kisha irudishwe kidogo kwa kadiri iliyotajwa na mtengenezaji.

(d) Bolti ishikwe kwa spana moja isizunguke, na nati yake ya kukazia ikazwe kwa spana ya pili.

(e) Kazi hiyo irudiwe kwa bolti ya nyuma katika gia ya nne, kisha gia zote zijaribiwe, pamoja na rivasi, kabla ya gari kutoka.

Wafasiri waangalie vitenzi. Kuingiza bolti si kukaza bolti. Kilichoandikwa "kaza mpaka iguse" kitamfanya mtu atumie nguvu pasipotakiwa, na bolti itausukuma mkono nyuma. Hapo gia haitaingia kikamilifu, na yaweza kuchomoka yenyewe gari likiteremka mlima, dereva akapoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Bolti ikiachwa mbali mno, nguvu yote ya kiganja huishia kwenye uma wa gia ndani ya giaboksi, nao huchakaa au kupinda.

Katika magari mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele, mkono wa gia huwa mbali na giaboksi, na huunganishwa nayo kwa fito au kwa kebo mbili: moja ya kuchagua njia, yaani kushoto na kulia, na nyingine ya kuingiza gia, yaani mbele na nyuma. Hapa marekebisho huanza kwa kuweka giaboksi katika gia huru na mkono katikati, kulegeza kibano cha kebo ili kebo itulie yenyewe, kisha kukibana tena. Mfasiri asiziite kebo zote mbili "kebo ya gia", maana hatamwambia fundi ni ipi ya kulegeza.

Limebaki jambo linalowahusu hasa watumishi wa ofisi za ununuzi. Kifaa kilichotengenezwa na kampuni nyingine isiyo ile iliyounda gari si feki kwa sababu hiyo tu. Feki ni kile kinachojidai kuwa cha mtengenezaji ambaye hakukitengeneza. Kuyachanganya mawili haya katika hati ya zabuni ni kumnyima haki muuzaji mwaminifu, au kumfungulia mlango mdanganyifu. Tunapendekeza spea mbadala kwa cha kwanza, na spea bandia kwa cha pili.

Kwa muhtasari, tunatoa istilahi hizi: mkono wa gia, wenzo anaoushika dereva, masafa ya mkono, umbali unaosogea kirungu hadi gia iingie, egemeo, mahali mkono unapopindia, bolti ya kizuizi, bolti inayoweka mpaka wa masafa, nati ya kukazia, nati inayoizuia bolti isilegee, gia huru, hali ambayo hakuna gia iliyoingia.

Tunawaomba walimu wa ufundi wazijaribu istilahi hizi mbele ya wanafunzi wao. Istilahi ambayo fundi hawezi kuitamka akiwa amelala chini ya gari haitadumu, hata ikisanifiwa na nani.