Ua la mwezi wa tano na jina la Ramazani

Kila tarehe 1 mwezi wa tano, Wafaransa wanapeana muguet, ua dogo jeupe lenye kuinama kama kengele. Wanasema mufalme Charles wa Tisa alipewa tawi lake mwaka 1561, likamupendeza, akaanza kuwagawia wanawake wa jumba lake. Ni hadithi, mutu ayipokee vile anataka. Wale wenye kupanga maua kufuatana na miezi wanamupa muguet mutu aliyezaliwa mwezi wa tano, na maana yake ni furaha yenye kurudi. Ukipata tawi la kengele 13, una bahati. Lakini sumu iko ndani: majani, maua, hata maji ya chupa mulimowekwa. Mutoto asiyaguse.

Kwetu Wamaza, toka Kasongo mpaka Kabambare, ua hilo haliko, linapenda baridi. Sisi mwezi wa kuzaliwa tunauvaa katika jina: Radjabu, Shabani, Ramazani. Desturi ilikuja na Waislamu wa pwani, wakati Tippu Tip na watu wake walifanya Kasongo kuwa muji mukubwa wa biashara. Walileta na miembe. Kama ingetupasa kuchagua ua letu, mimi ningesema ua la mwembe, lenye kutoka wakati wa kiangazi na watoto wanaanza kuhesabu siku za kula.

Mutoto wa mama mukubwa anaitwa Ramazani. Katika karatasi zake ameandikwa 1 janvier 1987, sababu aliyeandika hakupewa tarehe, akaweka yake. Mama mukubwa anakataa kabisa: «Nilimuzaa tukiwa tunafunga, ilibaki wiki moja tufikie Idi. Janvier imetoka wapi?»

Tulitafuta katika kalendari. Mwaka 1987 Ramadhani ilianza mwisho wa mwezi wa ine, ikaisha mwisho wa mwezi wa tano. Basi kaka alizaliwa karibu na tarehe 21 mwezi wa tano. Ndiye mutu wa muguet! Tulicheka sana, yeye hakucheka. Anahitaji karatasi iliyo sawa, na ya kwake inasema uongo.

Ila, ndugu musomaji, jina si tarehe. Mwezi wa Kiislamu unafuata mbalamwezi, kila mwaka unarudi nyuma siku 11 hivi. Ramazani mumoja alizaliwa katika mvua, mwingine katika vumbi. Inapita miaka kama 33 ndipo mwezi unarudia pahali pake. Kwa kaka ilikuwa mwaka 2020: Ramadhani ikaangukia tena mwezi wa tano. Furaha yenye kurudi, wangesema Wafaransa.

Sasa anataka tribinali imuandikie tarehe ya kweli. Wanadai mashahidi. Mukunga alikwisha kufa, amebaki mama mukubwa peke yake, na macho yake hayaone tena vizuri. Juma lijalo watamubeba kwa moto toka Kabambare mpaka Kasongo, kama mvua haikukata njia.