Mpimaji aajiriwe kabla ya mchimbaji

Tuseme miaka kumi imepita tangu mgodi wa urani ufunguliwe. Mwanakijiji anapeleka maji ya kisima chake maabara, anaambiwa yana urani. Anaulaumu mgodi. Mgodi nao unamjibu kwamba ardhi ile ina urani tangu dunia iumbwe, na ndiyo sababu wakaja kuchimba pale badala ya kwingine. Nani mkweli? Wa kuwaamua ni karatasi moja tu: majibu ya maji ya kisima kile kile, yaliyochotwa kabla buldoza la kwanza halijaingia. Karatasi hiyo ikikosekana, imekosekana moja kwa moja. Maji ya mwaka ule yalishapita.

Suala hili si la nchi za mbali. Wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, mradi wa urani wa Mto Mkuju uko katika eneo lililomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2012, baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuridhia mipaka ya pori ibadilishwe. Mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Maji ya upande ule huelekea mto Luwegu, na Luwegu ukikutana na Kilombero ndipo unapozaliwa Rufiji. Huko Bahi, mkoani Dodoma, wakulima wa mpunga nao wamekuwa na wasiwasi wao tangu watafutaji wa urani walipopita mashambani kwao.

Mradi wa aina hii ukitangazwa, husikika mabilioni ya mapato na maelfu ya ajira. Ajira zenyewe ukizifuatilia ni za madereva wa malori, mafundi mitambo, walinzi na wapishi. Si vibaya, watu wale. Lakini kuna ajira moja ambayo hutajwa mwishoni, kama inatajwa, nayo ndiyo ingepaswa kutangulia zote: ya kijana anayechota maji, anayekwangua udongo na kuandika.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Fundi huondoka alfajiri na chupa za plastiki, sepeto, kipima mionzi cha mkononi na daftari. Anachota maji ya mto juu ya mgodi na chini yake, maji ya visima, ya chemchemi, ya bwawa. Katika chupa anatia matone ya tindikali ili madini yasigande kwenye kuta zake. Anachukua udongo, nyasi na samaki, na anaweka pampu inayovuta hewa kupitia kichujio ili vumbi linaswe. Anaandika saa, mahali, na kama jana yake mvua ilinyesha, kwa sababu mvua hubadilisha kila kitu.

Maabara, udongo hukaushwa, husagwa, huchekechwa, kisha hufungiwa katika chombo kisichopitisha hewa kwa takriban mwezi mzima. Urani katika kuchakaa kwake huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi iitwayo radoni. Gesi hiyo ikitoroka, hesabu inadanganya. Inabidi isubiriwe ndani ya chombo mpaka mizani itulie. Ndipo sampuli inawekwa juu ya kitambuzi cha germaniamu, kilichopozwa kwa naitrojeni kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri na kuzungushiwa kuta nene za risasi. Kila kiasili cha mionzi hutoa nishati yake, na mtaalamu huzisoma nishati hizo kama karani anayetambua saini za wateja wake. Sampuli moja inaweza kukaa pale saa nyingi. Anayetaka majibu ya papo kwa papo atafute shughuli nyingine.

Kati ya vyote vinavyopimwa, mimi navutiwa zaidi na maziwa. Ng'ombe anakula nyasi za eneo pana kwa siku moja, na mionzi iliyotua juu ya nyasi hizo hukusanyika kwenye kibuyu kimoja. Waingereza walilijua hilo Oktoba 1957, kinu chao cha Windscale kiliposhika moto: maziwa ya mashamba yaliyoenea kilomita za mraba zipatazo 500 yalimwagwa. Chernobyl, Aprili 1986, ilikuwa kinyume. Serikali ya Kisovieti ilinyamaza, na watoto wa Ukraine, Belarus na sehemu za Urusi wakaendelea kunywa maziwa yenye ayodini ya mionzi, ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku nane. Kungoja wiki chache tu kungesaidia sana. Miaka iliyofuata, maelfu ya watoto hao walipata saratani ya tezi ya shingo. Jirani zao Poland walikuwa na vituo vya kupima hewa. Vilipoonyesha hatari, hawakusubiri maelezo ya Moscow. Kwa siku chache waliwapa ayodini salama zaidi ya watoto milioni 10. Hapo Poland iliokolewa na watu waliokuwa zamu mbele ya mashine zao siku hiyo, kama walivyokuwa zamu siku nyingine zote ambazo hapakuwa na lolote.

Namba zina mitego yake. Kwa wastani, binadamu popote duniani hupata kama milisieverti 2.4 kwa mwaka kutoka angani, ardhini na katika hewa anayovuta. Juu ya hizo, shughuli za kinyuklia haziruhusiwi kumwongezea mwananchi wa kawaida zaidi ya 1 kwa mwaka, na mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa 20. Sasa nenda Mrima, kile kilima chenye msitu wa kaya kaunti ya Kwale. Udongo wake una thoriamu, na kipima mionzi hupiga kelele hapo ingawa hakuna mgodi wala kinu. Mgeni asiyejua historia ya mahali angeweza kuandika habari ya kutisha watu mpaka Mombasa. Na kesho mwekezaji mwenye hila akija akachimba, akazidisha mionzi mara mbili, angeweza kusema vilevile kwamba Mrima imekuwa hivyo siku zote. Namba bila kipimo cha awali humtumikia yeyote anayeikamata kwanza.

Kipima mionzi chenyewe nacho kinahitaji mtu wa kukiamini. Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma chakavu waliingia katika kliniki iliyohamwa, wakang'oa mashine ya tiba ya saratani na kuiuza. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu uliong'aa buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini. Walipoanza kuugua, mke wa mwenye duka la vyuma chakavu ndiye aliyeshuku, akabeba kitu kile ndani ya mfuko, akapanda nacho basi mpaka ofisi ya afya. Mwanafizikia mmoja aliitwa kutazama. Aliazima kipima mionzi katika ofisi ya watafutaji wa urani, na hata kabla hajafika, mshale ukagonga mwisho, akielekeza huku, akielekeza kule. Akadhani kifaa kibovu. Alirudi kuchukua cha pili, nacho kikafanya vilevile. Alipofika, zimamoto walikuwa wanajiandaa kukichukua kile kitu wakakitupe mtoni. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa katika wiki zilizofuata, 249 wakakutwa na mionzi mwilini au kwenye nguo, na wanne wakafa. Kwamba mto ule ulinusurika, shukrani ziende kwa kifaa cha pili.

Kwa kijana anayesoma fizikia au kemia na kujiuliza atakula wapi, habari njema ni kwamba kazi hizi zipo hata kabla kinu cha umeme wa nyuklia hakijajengwa Afrika Mashariki. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, yenye maabara Arusha. Wanaosafirisha vyakula wanaijua kwa vyeti vyake vya mionzi. Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti chini ya sheria ya 2019, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia. Hospitali zenye mashine za eksirei na tiba ya saratani zinahitaji wasimamizi wa usalama wa mionzi, na kila anayefanya kazi humo huvaa beji inayokusanya dozi yake, nayo lazima isomwe na mtu. Viwanda vya saruji na wajenzi wa barabara hutumia vifaa vya kupimia vyenye vyanzo vya mionzi. Jijini Dar es Salaam kuna kituo kilicho katika mtandao wa dunia wa kunusa majaribio ya silaha za nyuklia: hewa huvutwa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio hupumzishwa siku moja, kisha hupimwa. Wengi hupita jirani hawajui.

Ugumu ninaouona hauko kwenye mafunzo. Uko kwenye mshahara, yaani nani anaulipa. Mgodi utakuwa na wapimaji wake, na ni lazima uwe nao, maana kuna wachimbaji wa kulindwa dhidi ya radoni na vumbi kila zamu. Lakini mtu hawezi kuandika barua ya kumshtaki bosi wake kila robo mwaka. Mfano ni Church Rock, New Mexico, Marekani: nyufa kwenye ukuta wa bwawa la topesumu, yaani tope lenye sumu linalobaki baada ya urani kutolewa, zilikuwa zimeonekana kabla ya siku ya maafa. Asubuhi ya Julai 16, 1979 ukuta ukapasuka, na zaidi ya lita milioni 350 za maji ya tindikali yenye mionzi zikatiririka katika mto Puerco, mto ambao wafugaji wa Kinavajo waliutumia kunyweshea kondoo. Mwaka huo huo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island. Wanavajo walipata aya mbili tatu magazetini.

Ndiyo maana napendekeza vipimo vya aina mbili: vya mgodi, na vya serikali vinavyofanywa bila taarifa, kwa gari la serikali na mafuta ya serikali, kisha majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Sampuli ichukuliwe mbele ya mtendaji na wanakijiji wawili. Vijana wa kata husika wafundishwe kuchota na kufunga chupa; kozi yake si ndefu, na wao ndio wanaojua kisima kipi hukauka Oktoba na ng'ombe wa nani hunywa wapi.

Kuna jambo jingine ambalo mikataba huliruka upesi. Urani ikishaondolewa kwenye mwamba, topesumu inayobaki huwa bado na takriban asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwemo. Radiamu iliyomo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ujerumani Mashariki ilichimba urani katika migodi ya Wismut hadi 1990. Usafishaji ulianza 1991, umekwisha kula mabilioni ya euro, na maji ya migodi ile bado yanasafishwa na kupimwa. Mchimbaji wa mwisho alishaondoka, mpimaji bado analipwa. Huku kwetu mshahara wa mpimaji wa mwaka wa arobaini itabidi utengwe katika dhamana ya ukarabati wa mazingira wakati mgodi ungali unauza, kwa sababu siku mwekezaji akifunga lango na kupanda ndege, atakayebaki na mabwawa ya topesumu ni halmashauri ya Namtumbo.