Matairi Mapya na Mafuta ya Gari: Hesabu Isiyoonekana

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, nyumba yenye gari hutega sikio. Ndiyo maana jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alifadhaika baada ya kubadilisha matairi yote manne kabla ya mvua za masika. Pesa hizo alizidunduiza kwa miezi. Lakini lita moja ya petroli, iliyokuwa ikimpeleka kilomita 12, sasa haikufika hata 11 na nusu. Mumewe akaamini kwamba wameuziwa matairi mabovu, na kwamba yale ya zamani, japo yalikuwa vipara, yalikuwa na heri.

Je, walipunjwa? La. Tairi linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea, kisha hurejea katika umbo lake. Katika kubonyea huko, nguvu fulani hupotea na kuwa joto. Ndiyo sababu tairi huwa la moto baada ya safari. Nguvu hiyo hulipiwa kwa petroli. Tairi jipya lina mpira mnene na meno marefu, kwa hiyo hupoteza nguvu zaidi. Lililolika lina mpira mchache, nalo hubiringika kwa wepesi.

Sababu ya pili imo katika kuhesabu. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi. Yakilika hadi milimita 1.6, mzingo wa tairi hupungua kwa takriban asilimia 2. Gari huhesabu kilomita kwa mizunguko ya magurudumu, na gurudumu lililopungua huzunguka mara nyingi zaidi katika safari ileile. Basi zile kilomita 12 za zamani hazikuwa 12 kamili. Dashibodi ilikuwa ikiwapa zawadi ya hewa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kipara ni njia ya kubana matumizi. Kazi ya meno ni kuyatoa maji chini ya tairi. Yakiisha, gari huelea juu ya utando wa maji, na breki wala usukani havisaidii kitu. Tairi hubiringika kwa wepesi zaidi wakati uleule linapokuwa hatari zaidi. Shilingi chache za petroli haziwezi kuwekwa mizani moja na watoto walioketi kiti cha nyuma.

Akiba ya halali ipo kwingine. Kwanza, nunua kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa mfano 195/65R15. Tairi pana kuliko hilo hupendeza macho, lakini mara nyingi huongeza matumizi ya mafuta. Pili, soma tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT: 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Tatu, matairi yenye lebo ya Ulaya hupangwa kwa herufi kuanzia A hadi E. A ndiyo hutumia mafuta kidogo zaidi. Tazama pia herufi ya mshiko kwenye maji, usije ukaokoa mafuta ukapoteza breki.

La nne ndilo jepesi kuliko yote: upepo. Kila kipimo kimoja cha PSI kinachopungua katika matairi yote manne hupunguza umbali wa lita moja kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini hurudi kila siku. Na tairi lenye upepo haba hupata joto kupita kiasi, likaweza kupasuka katika safari ndefu. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea. Magari mengi yaliyotoka Japani huonyesha kiwango kwa kPa: 220 ni sawa na PSI 32 hivi. Usizidishe kwa tamaa ya kuokoa mafuta, kwani mshiko hupungua.

Tulipoyapima matairi ya jirani yetu, tulikuta PSI 26 badala ya 32. Yakajazwa, na sehemu ya kilomita zilizopotea ikarudi. Zilizobaki amezikubali kuwa bei ya kufika salama. Mumewe sasa ndiye anayepima upepo, kila wiki mbili, kabla ya chai ya asubuhi.