Mkono Uliofungwa na Maana ya Kitenzi: Mifano kutoka Msamiati wa Kazi wa Uroa

Makala haya yanafafanua uhusiano baina ya mwendo wa viungo na taswira ya tendo akilini, na kuonesha namna kitenzi cha Kiswahili kinavyohusika. Swali la msingi ni iwapo mtu aliyezuiliwa kutumia mkono huendelea kuelewa vitenzi vya mkono kama kawaida.

Katika utafiti wa Bidet-Ildei na wenzake (2017), washiriki wanaotumia mkono wa kulia walifungwa mkono huo kwa saa 24, kisha wakaamua kama kila kitenzi kinahusu mikono au miguu. Wasiofungwa waliamua haraka zaidi kuhusu vitenzi vya mikono kuliko vya miguu. Kwa waliofungwa, tofauti hiyo haikujitokeza. Hawakupoteza maana, kilichoathirika ni wepesi wa kuifikia. Kwa hiyo, taswira ya tendo hutegemea pia uzoefu wa karibuni wa mwili, si kumbukumbu ya zamani pekee.

Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kina msamiati unaolifaa swali hili. Katika kazi ya kamba, makumbi hufukiwa na kupondwa, kisha nyuzi husokotwa. Katika kilimo cha mwani, miche hufungwa kwenye kamba. Vitenzi hivi hutumiwa na watu ambao mikono yao huvitenda kila siku.

Hata hivyo, jaribio hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye Kiswahili kwa tafsiri tu. Kwanza, neno *mkono* huweza kumaanisha kiganja au kiungo kizima hadi begani. Pili, kitenzi *piga* chenyewe hakibainishi kiungo: *piga ngumi* ni tendo la mkono, *piga teke* ni la mguu, na *piga kelele* si la chochote kati ya hivyo. Tatu, kauli ya kutendua huweka miendo inayopingana katika mzizi mmoja: *funga* na *fungua*, *kunja* na *kunjua*, *sokota* na *sokotoa*.

Kwa hiyo, kipimo cha Kiswahili hakina budi kutumia kirai kitenzi kizima, na kutenganisha jozi za kutenda na kutendua. Aidha, matokeo ya saa 24 hayatoshi kumweleza msokotaji aliyeiacha kazi kwa miaka mingi. Hilo ni swali jingine, na jibu lake litaigusa leksikografia: kamusi huhifadhi fasili ya *sokota*, lakini sehemu ya maana yake huhifadhiwa na vidole.