Jeki Huinua, Haishikilii: Punguza Bili ya Gereji Bila Kuhatarisha Wanaokutegemea

Mwaka jana mwezi wa saba, Jumamosi saa sita mchana, nilikuwa nje ya nyumba yetu hapa Savage, Minnesota, najitayarisha kumwaga oili ya Mazda MX-5 yangu. Gari nilikuwa nimeinua na jeki ndogo ya kukunja niliyoazima kwa jirani. Kabla sijalala chini, simu ikalia. Ni mama, Nakuru, kule ni saa mbili usiku, anauliza kama pesa ya dawa ya presha nimeshatuma. Nikasimama kando kuangalia M-Pesa.

Hapo ndipo nikasikia kishindo. Mguu wa jeki ulikuwa umezama kwenye lami iliyolainishwa na jua, jeki ikalala upande, gari ikarudi chini. Ile beseni ya oili niliyokuwa nimeiweka tayari ikawa bapa kama chapati. Mama akauliza, "Ni nini hiyo?" Nikamwambia ni kitu kimeanguka tu.

Mimi ni mhasibu. Usiku ule nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya: ni watu wangapi wanakula kwa mkono wangu? Mke, mtoto, mama, na mdogo wangu aliye chuo. Wanne. Na sote tunajua mtu akifa huku mambo yanakwenda vipi: kundi la WhatsApp, mchango wa kusafirisha mwili, familia inangoja wiki na wiki. Hakuna bili ya gereji inayofikia hiyo.

Lakini sikuacha kutengeneza gari yangu mwenyewe. Niliacha kuifanya ovyo.

Pesa inayookolewa ni ngapi?

Savage ilipewa jina la Marion Savage, mwenye farasi maarufu wa mbio, Dan Patch, kwa hiyo nisamehewe kupenda gari ya mbio. Niliinunua ikiwa imetumika. Gereji moja ilinipa bei ya dola 640 kwa breki za magurudumu yote manne pamoja na oili. Nikanunua pedi na diski kwa dola 230, oili na filta dola 48. Jumla 278. Tofauti ni dola 362.

Sasa toa vifaa: jeki ya magurudumu ya kuingia chini ya gari fupi, 165, stendi mbili, 45, kabari za tairi, 14, spana ya kupima nguvu ya kukaza, 35, mbao, 23. Hiyo ni 282. Kazi ya kwanza ilinibakishia dola 80 tu. Usidanganyike kwamba utatajirika siku ya kwanza.

Faida iko mwaka wa pili. Mimi nina rimu mbili mbili, seti ya baridi na ya joto, na kubadilisha nilikuwa nalipa dola 80 kila mara, mara mbili kwa mwaka. Ongeza oili mara mbili, kila moja ikiniokolea dola 42. Jumla dola 244. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi 31,000. Kwangu inaenda Sacco moja kwa moja, kabla haijapata jina lingine.

Vifaa: hapa usibane

Jeki kazi yake ni kuinua. Haishikilii. Sili ya ndani ikivuja, gari inashuka na haikupigii hodi. Kinachoshikilia ni stendi za chuma. Soma lebo: mara nyingi tani zilizoandikwa ni za stendi mbili pamoja, si kila moja.

Ukinunua stendi za mitumba, kuwa macho. Mwaka 2020 Harbor Freight iliziita zirudishwe stendi za Pittsburgh za tani 3 na tani 6, kwa sababu meno ya kushikilia yangeweza kuachia. Baadaye mwaka huohuo hata baadhi ya zile za tani 3 zilizoletwa badala yake zikaitwa tena, kwa kasoro ya kuchomelea. Nyingine bado ziko kwenye gereji za watu. Namba iko kwenye lebo. Ilinganishe na tangazo lililo kwenye tovuti ya NHTSA. Ikiwa lebo imebanduka, iache hapo hapo.

Na matofali, jamani. Nimeona mafundi Kirinyaga Road, Nairobi, wakiweka gari juu ya mawe na vipande vya mbao, nikadhani ni ujuzi. Tofali la saruji lenye matundu linapasuka ghafla, bila dalili. Usiingie chini ya gari iliyokalia tofali hata dakika moja.

Mahali

Tafuta sakafu ya saruji, iliyo sawa. Ndani ya gereji ya nyumba ni bora kuliko nje. Kama huna ila lami, weka kipande kinene cha plaiwudi chini ya jeki na chini ya kila stendi. Plaiwudi inafanya kazi mbili: inatawanya uzito ili mguu usizame, na inaruhusu magurudumu ya jeki kusogea. Mkono wa jeki unapopanda huenda kwa mzingo, kwa hiyo lazima jeki ijisogeze kidogo. Ikikwama, inaanza kuivuta gari kando.

Ukikaa townhouse, soma kwanza masharti ya chama cha wenye nyumba. Faini moja inaweza kumeza akiba yote ya mwaka.

Kuinua, hatua kwa hatua

Gari ya spoti iko chini sana, jeki ya kawaida haiingii. Nilikata mbao mbili pana, nikazipandisha tairi za mbele juu yake polepole. Nafasi ikapatikana.

Kisha fikiria gari itashikwa na nini. MX-5 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na handibreki pia inashika ya nyuma. Ukiinua mbele, handibreki na gia zinasaidia. Ongeza kabari nyuma ya tairi za nyuma. Ukiinua nyuma, handibreki na gia hazishiki tena kitu, tairi zake ziko hewani. Hapo usalama wako wote ni kabari za mbele, kwa hiyo ziweke pande zote mbili za tairi.

Legeza nati za magurudumu robo zamu gari ikiwa bado chini. Ukizisukuma ikiwa juu, unaitikisa.

Sehemu za kuinulia ziko kwenye kitabu cha gari. Pembeni ni ule ukingo wa bati chini ya mlango, penye alama, na hapo weka kipande cha mpira chenye mfereji ili usiupinde. Usiinulie kwenye sahani ya oili ya injini wala kwenye bati tupu la sakafu. Na sisi wa Minnesota tuna adui mwingine: chumvi ya barabarani. Gonga ukingo kwanza. Ukimeguka kwa kutu, usiinulie hapo.

Inua kidogo, angalia, inua tena. Weka stendi mbili kwa urefu sawa, hakikisha meno yameingia, teremsha gari polepole mpaka ikae. Halafu isukume kwa nguvu kutoka pembeni. Ikicheza, ni afadhali icheze sasa ukiwa umesimama. Acha jeki ikigusa bila kubeba, na gurudumu ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Kila kitu kikishindwa, gari itaangukia tairi, si kifua chako.

Mambo matatu ya mwisho

Usifanye kazi hii ukiwa peke yako nyumbani, wala baada ya zamu ya usiku. Ukichoka unasahau kabari.

Ukimaliza, kaza nati kwa spana ya kupima, kwa kiwango cha kitabu, ukizipitia kwa msalaba. Zirudie baada ya kuendesha kidogo. Oili chafu usiimwage. Maduka ya vipuri kama AutoZone na O'Reilly hupokea.

Na kama sakafu yako ina mteremko, au huwezi kununua stendi mwezi huu, lipa gereji. Mia moja ya ziada ni gharama ya kawaida, iandike na uendelee.

Mama bado hajui ile kelele ilikuwa ya nini. Dawa yake huingia tarehe mbili kila mwezi, na nakusudia iendelee hivyo.